Somo: Antibayotiki kwa samaki wa mapambo, kwa njia ya chakula

Mapezi yakioza au vidonda vyekundu vikitokea, wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo na kumwaga unga wa njano tangini. Dawa inapotea bure, na bakteria wanajifunza usugu.

1. Pima maji kwanza. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, ziwe 0. Zisipokuwa 0, badilisha nusu ya maji leo na tena kesho. Mapezi yaliyounguzwa na amonia huota yenyewe maji yakitengemaa. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ni vimelea, na antibayotiki haiviwezi.

2. Mhamishe mgonjwa kwenye tangi la pembeni la lita 20 hadi 40, lisilo na changarawe, lenye pampu ya hewa na chujio la sponji.

3. Mwone daktari wa mifugo. Akiandika oksitetrasaiklini (antibayotiki, ndiyo ule unga wa njano) na samaki bado anakula, ipitishe kwenye chakula, si majini. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama Mombasa na Unguja, yana kalisi nyingi; kalisi huishika dawa hiyo isipenye mwilini. Tena dawa ikimwagwa tangi kuu huweza kuua bakteria wema wa chujio wanaoondoa amonia, amonia ikapanda, ukapata wagonjwa wapya.

4. Piga hesabu, hapa ndipo panapoharibika. Weka ndoo ya maji kwenye mizani, irudishe 0, kisha tia samaki kwa wavu. Tuseme samaki wa dhahabu 5 wana jumla ya gramu 250. Daktari akisema miligramu 75 kwa kilo kwa siku, siku 10, hiyo ni miligramu 18.75 kwa siku, yaani 187.5 kwa dozi nzima. Unga wa 20% una miligramu 200 za dawa katika kila gramu, hivyo unahitaji gramu 0.94. Kijiko hakipimi hivyo. Tafuta mizani ya sonara. Wakila 2% ya uzito wao, chakula ni gramu 5 kwa siku, gramu 50 kwa siku 10.

5. Yeyusha nusu kijiko cha chai cha jelatini isiyo na sukari katika vijiko 3 vya chai vya maji ya moto. Ikiwa vuguvugu, koroga unga, mwagia chakula cha punje na ugeuzegeuze mpaka kila punje ishike rangi. Usitumie maziwa: ni kalisi ileile. Anika kivulini, maana mwanga huharibu dawa, gawa mafungu 10 na uweke friza. Lisha kidogo kidogo. Punje ikikaa majini inaachia dawa.

Kidonda kikifunga mapema, maliza siku zote 10. Pasipo nafuu siku ya 5, rudi kwa daktari, usiongeze kipimo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina amoksilini iliyobaki nyumbani. Nisage?
Hapana. Aeromonas, bakteria wanaosababisha vidonda vingi hivi, kwa asili ni sugu kwa amoksilini.

Wangu hali kabisa, nifanyeje?
Mwambie daktari, huenda akachagua kanamaisini, antibayotiki nyingine, ya kutia majini. Toa mkaa kwenye chujio, hunyonya dawa. Ujazo uhesabu kwa kimo cha maji, si cha kioo: sentimita 60 × 30 × 25, gawa kwa 1,000, ni lita 45.

Amekonda, mgongo umepinda, vidonda haviponi. Dozi ya pili?
Usimpe. Yaweza kuwa kifua kikuu cha samaki, na bakteria wake huingia kwa mtu kupitia mchubuko wa mkono. Vaa glavu, na daktari aamue kama samaki auawe bila maumivu.

Maji yenye dawa niyamwage wapi, dada?
Yapitishe kwenye chujio lenye mkaa amilifu kwa saa 24, kisha chooni. Si mtaroni wala bwawani. Mkaa ule utupe. Chakula kilichobaki usiwape kuku wala sato wa kuliwa.