Jinsi ya kuendesha uchaguzi wa bunge kwenye ufalme wenu wa kutunga

Mnaotaka kucheza uchaguzi wa ufalme na vijana wa mtaani, huu ndo utaratibu tunaotumia huku Nyegezi, Mwanza.

Chora ramani ya ufalme nyuma ya kalenda ya zamani, visiwa vitano sita vinatosha. Majina tungeni wenyewe, ukiandika Ukerewe au Ilemela tu watu wanaanza siasa za kweli na mchezo umekufa hapohapo. Vyama vipeni majina ya samaki: Sangara, Sato, Dagaa, Kamongo.

Mfalme mpeni mtu asiyependa makelele, hapigi kura wala hafanyi kampeni. Afu mkubaliane mapema ana nguvu kiasi gani. Eswatini mfalme ndo mwenye neno la mwisho na vyama havigombei, Lesotho mfalme yupo ila serikali anaongoza waziri mkuu anayetokana na bunge. Kwa mchezo chukueni ya Lesotho, la sivyo mnahesabu kura za nini sasa.

Sanduku la kura ni ndoo ya rangi yenye mfuniko uliotobolewa. Kila chama kiweke wakala, na karatasi zihesabiwe mbele ya wote, moja moja kwa sauti.

Viti weka 9, namba witiri ni muhimu ili wasigawane nusu kwa nusu. Kugawa tumieni njia ya D'Hondt, yule Mbelgiji wa 1878: kura za kila chama gawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kuendelea, afu chukua namba 9 kubwa kuliko zote, kila namba ni kiti. Tuseme Sangara 42, Sato 33, Dagaa 18, Kamongo 7. Sangara ana 42, 21, 14 na 10.5, hivyo viti 4. Sato 33, 16.5, 11, viti 3. Dagaa 18 na 9, viti 2. Kamongo hana kitu, na atalalamika kwamba amevuka asilimia 5 kama zile za mgao wa viti maalum vya wanawake bungeni hapa Tanzania, mwambieni kiti cha mwisho kimeenda kwa 9 na yeye ana 7.

Sasa hapa ndo utamu ulipo. Serikali inataka viti 5, hakuna aliyefika, kwahiyo Dagaa mwenye viti 2 anabembelezwa na wote wawili, akienda kwa Sangara wanakuwa 6, akienda kwa Sato wanafika 5 kamili. Wapeni nusu saa wakaongee pembeni, na makubaliano yaandikwe, hasa nani anachukua wizara ya uvuvi maana hiyo ndo wanayoigombania kuliko hata uwaziri mkuu, sijui kwanini. Angalieni pia Sangara na Sato wasimzunguke Dagaa wakaungana wenyewe, inaruhusiwa na imeshatokea.

Nusu saa ikiisha hakuna jibu, mfalme anavunja bunge, mnarudia kura na ndoo ileile.