Mshale wa mafuta unapodanganya

Gari langu la zamani liliwahi kunizimikia njiani huku mshale ukionyesha robo tanki. Siku hizi naanza hivi: nafungua swichi bila kuwasha injini, nachomoa waya wa geji unaotoka tankini. Kama hakuna harufu ya petroli, nagusisha waya huo kwenye bodi ya gari kwa sekunde moja tu. Mshale ukikimbia kutoka ncha moja hadi nyingine, geji ni nzima. Ugonjwa uko tankini.

Kagua ethi kwanza, yaani waya unaounganisha kipimo cha tankini na bodi ya gari. Yangu ilikuwa imeshika kutu chini ya boliti. Niliisugua kwa msasa, mshale ukapanda. Sikutoa hata senti.

Ikikataa, chomoa betri, fanyia kazi nje, pasiwe na moto wala sigara, kisha toa kipimo cha ndani ya tanki, kile chenye boya linaloelea juu ya mafuta. Tikisa boya hilo karibu na sikio. Ukisikia chubwichubwi, limetoboka, limejaa mafuta na linazama, ndiyo maana geji inasoma tupu hata ukijaza pomoni.

Lakini kama geji ya joto nayo inapayuka, achana na tanki. Mara nyingi ni kidhibiti umeme kinacholisha geji zote mbili, nyuma ya dashibodi.