Somo: Kulinda basi la ghorofa dhidi ya miti ya kando ya barabara

Wakuu, hili ni kwa madereva na mafundi wa gereji mlioko Uingereza. Majani hukwaruza rangi tu. Kinachovunja kioo cha ghorofani ni mti mgumu: shina lililoegemea barabarani, au kisiki cha tawi lililokatwa ovyo.

Hatua ya 1: Jua basi lako linavyolala
Mabasi mengi ya ghorofa ya London yana kimo cha mita 4.2 hadi 4.4, lakini hicho ni kimo cha basi lililosimama wima. Barabara huinuliwa katikati ili maji yakimbilie pembeni, kwa kawaida sentimita 2.5 kwa kila mita. Piga hesabu: basi la mita 4.4 paa lake limeshasogea kushoto sentimita 11 kuliko magurudumu. Likifika kituoni likajiinamisha kumpokea mama mwenye kigari cha mtoto, linasogea zaidi. Tairi halijagusa ukingo, kumbe kona ya juu ya kushoto iko juu ya njia ya waenda kwa miguu. Ndiyo maana miti ya vituoni inanitia wasiwasi kuliko yote.

Hatua ya 2: Kagua njia ukiwa juu
Kaa kiti cha mbele kushoto, ghorofani, mwezi wa Julai, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Majani yaliyolowa hushusha tawi ambalo Januari ungeapa halifiki. Ukiona hatari, andika namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya taa iliyo karibu. "Pale jirani na duka la kuku" haimsaidii mkataji.

Hatua ya 3: Mti ni wa nani?
London, barabara kuu zenye mistari myekundu ziko chini ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Nyingi zilizobaki ni za halmashauri za mitaa. Mti wa bustani ya mtu ni wake, ila Sheria ya Barabara ya 1980, kifungu cha 154, inairuhusu halmashauri kumpa notisi ya siku 14. Asipokata, wanakata wao na kumdai gharama.

Hatua ya 4: Kukata
Uwazi unaotakiwa kwa kawaida ni mita 5.2 hivi juu ya barabara. Tawi zito hukatwa mara tatu: kidogo kwa chini, kisha kwa juu mbele kidogo ya hapo ili lisichane gome likianguka, mwisho kisiki kinaondolewa karibu na shina bila kugusa ule uvimbe wa shingoni, pale tawi linapoungana na shina. Wavivu huishia mkato wa pili, kisiki kikabaki. Kuanzia Machi hadi Agosti angalia viota kwanza. Kuharibu kiota kinachotumika ni kosa kisheria.

Hatua ya 5: Shina
Shina halipunguzwi, kwa hiyo sogeza basi. Halmashauri inaweza kutanua ukingo wa njia ya miguu kuuzunguka mti, na magurudumu yatalazimika kukaa mbali. Kwangu hii ndiyo dawa. Kupaka shina rangi nyeupe ni kumwachia dereva mzigo.

MASWALI

Mdau, Leicester: Kaka, kile chuma cha kinga kwenye kona ya mbele ya juu hakitoshi?
Jibu: Kwa vitawi kinatosha, kinavisukuma visifike kiooni. Shina halisukumwi, ndugu yangu.

Dada dereva, Croydon: Nikilikuta tawi ghafla je?
Jibu: Punguza mwendo, tazama kioo cha kulia, hamia katikati kama ni salama. Kama si salama, simama, usilazimishe. Halafu waite wasimamizi wako redioni hapo hapo, usingoje zamu iishe. Mwenzako wa nyuma anakuja na abiria wamekaa juu mbele.

Mdau, Tanga: Sisi huku hatuna ghorofa. Latuhusu?
Jibu: Lawahusu. Nanyi mnaendesha kushoto na barabara inalala vilevile. Vioo vya pembeni na kiyoyozi cha juu ya paa ndivyo vitakavyoliwa na miembe.

Mdau, Birmingham: Zamani walikuwa wanakataje?
Jibu: Makampuni mengi yalichukua basi kuukuu la ghorofa, paa likang'olewa, vijana wakapanda na misumeno. Lilikuwa jambo la akili sana: basi hilo lilipita palepale linapopita la abiria, kwa hiyo kila kilicholigusa ndicho kilichokatwa.