Maji Kwanza, Mipaka Mwisho: Namna ya Kuusoma Ukanda wa Dunia

Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi mpya hunijia na orodha. Nchi, mji mkuu, dini, mazao. Anakariri usiku kucha, anafanya mtihani, na baada ya mwezi mmoja vyote vimemtoka, kwa kuwa vitu visivyoshikana havikai kichwani. Mimi nafuata mpangilio mwingine. Nitauonyesha kwa kutumia Asia ya Kati, kwa sababu sijapata ukanda mwingine ambao mambo yake yanafuatana waziwazi namna hii.

Tafuta atlasi yenye ramani ya sura ya nchi, ile inayoonyesha miinuko kwa rangi. Tandaza juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kisha uchukue penseli ya kahawia na ya buluu. Usichore mpaka wa nchi hata mmoja, wala usiandike jina la mji. Anza na milima: Tian Shan upande wa mashariki, Pamir kusini yake. Halafu tafuta mito miwili mikubwa inayoshuka kutoka huko, Amu Darya na Syr Darya, uifuate kwa kidole taratibu. Utaona kwamba haifiki bahari yoyote. Inakatiza majangwa ya Karakum na Kizilkum, na mwisho wake wa asili ni Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa.

Sasa jiulize mvua itoke wapi. Bahari kuu ziko mbali, na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huzuiwa na Himalaya na milima jirani yake. Kilichobaki ni theluji: inarundikana milimani wakati wa baridi, inayeyuka wakati wa joto. Andika pembeni mwa karatasi: maji ya bondeni ni theluji ya mlimani. Sentensi hiyo utairudia tena na tena.

Baada ya hapo weka watu, na hapa naomba usikimbilie majibu. Weka nukta pale ambapo wewe mwenyewe ungejenga mji, kisha ufunue ramani ya miji. Samarkand na Bukhara zinapata maji ya mto Zarafshan. Tashkent iko kwenye mto Chirchik. Bonde la Fergana, lililozungukwa na milima karibu pande zote, limejaa watu. Wanafunzi wangu huweka nukta zao karibu sana na miji hiyo, na mtu aliyeukisia mji mwenyewe hausahau tena.

Kaskazini nyasi zinaenea mbali mno. Maji ya kulimia ni haba lakini malisho yapo, ndiyo maana Wakazaki waliishi kwa ufugaji wa kuhamahama, na Wakirigizi walipandisha mifugo milimani kila majira ya joto. Kwa hiyo karatasi yako ina watu wa aina mbili, mkulima wa bondeni na mfugaji wa nyikani. Wamefanya biashara, wamepigana, wametawalana. Ukisoma historia ya huko, uliza kwanza kila mtawala alitoka upande upi kati ya hizo mbili.

Kwenye dini usiandike "Waislamu" ukapita. Uliza dini ilifika kwa njia gani. Miji ile ilikuwa vituo vya Njia ya Hariri, na wafanyabiashara wa Kisogdia, watu wa kale wa ukanda huu, kutoka Samarkand walisafiri hadi Uchina. Pamoja na mizigo zilisafiri imani: ya Buddha, ya Zoroasta, ya Mani, na Ukristo wa makanisa ya mashariki. Majeshi ya Waarabu yaliiteka Samarkand mwaka 712, na Uislamu ukashika mizizi mijini. Mwaka 810 mtoto aitwaye Muhammad bin Ismail alizaliwa Bukhara. Ndiye Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi. Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo na kuwaacha waitazame nukta waliyoichora. Wengi wamelisikia jina hilo tangu utotoni bila kujua kwamba ndani yake mna mji, na mji wenyewe unaishi kwa theluji ya mlima wa mbali. Nyikani mambo yalikwenda polepole zaidi, na masheikh wa tarika walifanya kazi kubwa. Kaburi la mmoja wao, Ahmad Yasawi, liko Turkistan, kusini mwa Kazakhstan ya leo.

Mipaka sasa. Ichore kwa penseli nyekundu, uone inavyokata kila ulichokwisha kuchora. Warusi waliitwaa Tashkent mwaka 1865, na kuanzia 1924 Wasovieti wakaugawa ukanda huu katika jamhuri ambazo mwaka 1991 zilikuwa nchi tano huru. Fergana imegawanywa kati ya Uzbekistan, Kirigizistani na Tajikistan. Samarkand na Bukhara, zenye wasemaji wengi wa Kitajiki, zimo Uzbekistan. Aliyeanza na mipaka huona nchi tano tu. Wewe uliyeanza na maji unaona bonde moja lenye wenyewe watatu, na huhitaji kuambiwa ugomvi utatokea wapi.

Uchumi nao usiuanze na orodha ya bidhaa. Uliza nani amekaa juu ya mto na nani amekaa chini. Kirigizistani na Tajikistan ziko juu, na utajiri wao mkubwa ni maji. Zina mabwawa makubwa ya umeme kama Toktogul na Nurek, ambalo ukuta wake una kimo cha mita 300. Zinataka kuyafungulia maji wakati wa baridi, watu wanapohitaji umeme. Walio chini wanayataka wakati wa joto, pamba ikiwa shambani. Enzi ya Wasovieti maji yalishuka majira ya joto, na mafuta, gesi na makaa yakapanda juu majira ya baridi. Utaratibu huo ulivunjika baada ya 1991, na tangu hapo maji ni mazungumzo yasiyokwisha. Ongeza mafuta ya Kazakhstan na gesi ya Turkmenistan, kisha uliza vinafikaje sokoni. Uzbekistan, kwa mfano, haiwezi kufika bahari kuu bila kuvuka nchi mbili. Nchi nyingine ya namna hiyo duniani ni Liechtenstein peke yake.

Ukihamia ukanda mwingine, swali la kwanza huenda likabadilika. Japani mvua ni tele, kilicho adimu ni ardhi tambarare. Basi anza na tambarare, utaona kwa nini watu wamesongamana pwani. Tafuta kile kilicho adimu, uanzie hapo.

Kazi ya mwisho ni kuandika mwaka kwenye pembe ya karatasi. Siku moja mwanafunzi aliniletea atlasi mbili, moja kuukuu na moja mpya, akaniuliza ipi inasema uongo. Katika ile kuukuu Aral ilikuwa doa moja kubwa la buluu. Katika mpya kulikuwa na vipande vyembamba. Zote zilisema kweli. Kuanzia miaka ya 1960 maji ya mito ile miwili yalielekezwa kwenye mashamba ya pamba, na ziwa lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likakauka sehemu kubwa. Chumvi ikazidi, samaki wakafa, na meli za uvuvi za Moynaq, mji uliokuwa bandari ya ziwa hilo, zikabaki mchangani. Nilimwambia azichore pwani zote mbili kwenye karatasi moja, kila moja na mwaka wake, kisha aache nafasi upande wa kaskazini. Huko Kazakhstan ilimaliza bwawa la Kok-Aral mwaka 2005, maji ya Syr Darya yakaanza kukusanyika tena, na wavuvi wamerudi.