SOMO: Kulala botini ndani ya fyordi ya Doubtful Sound, New Zealand

Wengi wakifika New Zealand hukimbilia Milford Sound kwa sababu barabara inafika mpaka majini. Unashuka kwenye basi, unazunguka na boti kwa muda wa saa mbili, unapiga picha, unarudi. Si vibaya. Lakini kama umeshatoa nauli ya kutoka kwetu hadi kule chini ya dunia, ushauri wangu ni boti ya kulala, tena Doubtful Sound, kusini mwa Milford. Ni fyordi, yaani mkono wa bahari uliojaza bonde lililochimbwa na mito ya barafu, wenye urefu wa kilomita 40 hivi na kina kinachofika mita 421. Boti za mchana zikishaondoka, mnabaki ninyi wachache na milima.

Hatua ya 1: Viza na mabegi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza kabla ya kusafiri, basi anza mapema. Uwanja wa ndege wa kule ni wakali kuhusu vyakula, mbegu na udongo. Dagaa, asali, viungo vya bibi, hata viatu vyenye tope, vyote viandike kwenye fomu. Ukiandika, mara nyingi wanakagua tu na kukurudishia, ingawa asali haitapita. Ukificha, faini ni dola 400 za kule papo hapo.

Hatua ya 2: Kitanda

Boti za kulala kwa kawaida hufanya kazi kuanzia Septemba hadi Mei hivi, kisha hupumzika kipindi cha baridi kali. Vyumba ni vya namna mbili: vya watu wanne wenye vitanda vya dabodeka, au chumba chako binafsi chenye choo ndani. Bei zinapishana sana. Kama mfuko umebana, chukua dabodeka bila kinyongo, maana chumbani utakuwa unalala tu. Bei kwa kawaida inajumuisha chakula cha jioni na kifungua kinywa.

Hatua ya 3: Kufika

Shuka na ndege Queenstown, kodi gari, endesha kama saa mbili hadi Te Anau, halafu kilomita 20 zaidi hadi kijiji cha Manapouri. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hutahangaika. Jaza mafuta na nunua mahitaji Te Anau.

Hapo bado hujaiona fyordi. Unapanda boti ya kwanza kuvuka Ziwa Manapouri, karibu saa nzima, hadi ng'ambo inayoitwa West Arm. Huko kuna kituo cha umeme kilichochimbwa ndani ya mwamba ili kulisha kiwanda cha alumini karibu na mji wa Bluff. Mpango wa awali ulikuwa kupandisha kina cha ziwa. Wananchi wakakataa, na mwaka 1970 watu 264,907 wakatia saini kupinga. Ziwa likaachwa lilivyo. Ukitazama miti iliyofika mpaka ukingoni mwa maji utaelewa walichokuwa wanakitetea.

Kutoka West Arm, basi linapanda kipito cha Wilmot, mita 671, kwa barabara ya vumbi isiyoungana na barabara nyingine yoyote ya nchi. Wanasimama juu kidogo upige picha, kisha mnateremka Deep Cove, na boti yenu iko pale.

Hatua ya 4: Ndani ya boti

Siku ya kwanza boti inashuka polepole kuelekea baharini. Bahari ikiwa tulivu, nahodha anafika hadi mdomoni, kwenye visiwa vidogo vya Nee ambako sili wamejilaza juu ya miamba. Pomboo wa humo ni wakazi, na wakitokea huja wenyewe kucheza na wimbi la mbele ya boti.

Kapteni Cook, baharia Mwingereza, alipita hapo nje mwaka 1770 akakataa kuingia. Upepo wa magharibi ungemwingiza vizuri, lakini kutoka je? Nahodha yeyote wa jahazi angemwelewa. Wahispania wa msafara wa Malaspina ndio walioingia mwaka 1793, na kwa mashua ndogo.

Tazama maji yenyewe. Juu ya maji ya chumvi kumeelea tabaka la maji ya mvua yenye rangi ya chai ya rangi, kwa sababu yamechujwa na majani na udongo wa msituni. Tabaka hilo linazuia mwanga, ndiyo maana marijani nyeusi, ambayo kwingine hukaa kina kirefu, hapa inamea karibu na juu. Kwenye kuta za milima utaona mistari mitupu ya mwamba. Miti imeshikilia mwamba kwa mizizi iliyosukana juu ya kuvumwani. Mmoja uking'oka unakokota wenzake wote hadi majini.

Alasiri boti inatia nanga, mnapewa kayaki au mashua ya injini. Wenye moyo wanaruka majini. Ni baridi, usidanganywe na Wazungu wanaocheka.

Asubuhi amka mapema kabla ya kifungua kinywa. Katika mojawapo ya mikono ya ndani, mara nyingi Hall Arm, nahodha anazima injini, kisha jenereta, na abiria wanaombwa wasimame sitahani bila kusema. Dakika ya kwanza unasikia majaketi ya watu yakikwaruzana. Baadaye unaanza kubagua: maporomoko ya mbali, ndege mmoja, matone yanayodondoka kutoka kwenye kamba. Kwangu mimi nauli yote imo humo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama Junior:* Je, mvua ikinyesha siku yetu? Watarudisha hela?

Hawarudishi, na wewe usitake. Mvua ndiyo inayofungua maporomoko. Zikipita saa chache za jua mengi yanakauka. Beba koti la mvua la kweli, mwavuli uache.

*Kijana wa Pangani:* Mimi bahari hainileweshi, ila mke wangu huchafukwa hata kwenye feri ya Kigamboni.

Ndani ya fyordi maji ni tulivu, hata usiku mnalala kwenye ghuba iliyokingwa. Shida ni pale mdomoni. Anywe dawa kabla boti haijafika huko, na akae nje akitazama mbali.

*Ustadhi:* Chakula halali? Na sala?

Waandikie wakati wa kununua tiketi, si ukiwa mezani. Samaki na mboga havikosekani. Mtandao wa simu haupo kabisa, kwa hiyo pakua nyakati za sala na uelekeo wa kibla kabla. Desemba magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, jipange.

*Dada Mwanza:* Mbu je?

Mbu si tatizo, tatizo ni usubi. Boti ikitembea hawaonekani. Ukishuka kwenye kayaki wanakuvaa. Suruali ndefu, soksi, na dawa ya kupaka.

*Mama Junior:* Tukipitia Sydney ni nafuu zaidi, sivyo?

Tiketi, ndiyo. Ila pasipoti zetu zinadai viza ya Australia hata kwa kupita tu. Tafuteni ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Dubai au Doha hadi Auckland, halafu ya ndani hadi Queenstown.