Zawadi ya mwanafunzi bora: uzito kwanza, majina baadaye

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kutwa. Mahafali yakikaribia, kikao cha kumchagua mwanafunzi bora huwa kirefu kuliko cha bajeti, na kinachokirefusha ni majina. Jina likishatajwa, kila mtu anatafuta hoja ya kulitetea (hasa akiwa mtoto wa mwalimu mwenzetu). Basi bishaneni mapema, kuhusu vigezo na uzito wake tu. Muandike kwenye muhtasari, msaini, ndipo mfungue Excel. Hesabu yenyewe inaitwa SAW (Simple Additive Weighting, yaani kujumlisha alama kwa uzito), na ni kugawanya, kuzidisha na kujumlisha tu.

Tuseme mmekubaliana: masomo 0.6, mahudhurio 0.2, ushiriki 0.2. Kila alama igawanywe kwa alama ya juu kabisa katika kigezo hicho: =B2/MAX(B$2:B$40). Alama za $ msizisahau, la sivyo mipaka ya B2 hadi B40 itahama mnapoburuta fomula kwenda chini. Kisha zidisheni kwa uzito na mjumlishe.

Namba 014 ana wastani wa 84, kahudhuria siku 90, ushiriki 3. Namba 027 ana 78, siku 95, ushiriki 5. Ikiwa hizo 84, 95 na 5 ndizo za juu kabisa, 014 anapata 0.909 na 027 anapata 0.957. Namba ni za mtihani. Majina yakae kwenye karatasi nyingine kwa mkuu wa shule.

Wastani nao una mtego. Aliyechukua Fizikia, ambako wa kwanza kapata 68, hashindani sawa na aliyechukua somo ambalo wa kwanza kapata 88. Gawanyeni kila somo kwa alama ya juu ya somo hilo kwanza, ndipo mtafute wastani. Kwenye mahudhurio, hesabuni siku alizokuja, si za utoro: kwa kigezo ambacho kidogo ndicho bora, SAW hugawanya alama ya chini kabisa kwa ya mwanafunzi, na asiyekosa hata siku moja ana sifuri, fomula inavurugika. Mwenye ruhusa ya ugonjwa asikatwe.

Ushiriki ndio mlango wa upendeleo. Andikeni 5 maana yake nini, kwa mfano kiongozi wa klabu aliyeendesha shughuli kila muhula, na walimu wawili watoe alama kila mmoja kivyake.

Mwisho, badilisheni uzito kidogo muone. Masomo yakiwa 0.7 na ushiriki 0.1, 014 anapata 0.949, na 027 anapata 0.950. Hiyo si tofauti ya kumnyima mtoto zawadi. Kwetu pengo likiwa chini ya 0.01 katika jaribio lolote kati ya hayo, tunatoa zawadi mbili, na jedwali tunalibandika kwenye ubao wa matangazo likiwa na namba tupu, ili mzazi mwenye swali aje na kikokotoo chake.