Somo: Kuosha na kuseti kabureta ya Corolla DX (injini 4K)

Naandika hii mara moja ili nisirudie, maana kila wiki naulizwa "DX yangu haishiki sailensi, ninunue kabureta nyingine?" Usinunue. (Sailensi ni injini kunguruma yenyewe bila kukanyaga eksileta.) Hii ni ya 4K, cc 1290, ile Aisin ya midomo miwili (matundu mawili ya kupitisha hewa: wa kwanza wa mwendo wa kawaida, wa pili wa kukanyaga sana).

Anza na umeme kabla hujagusa kabureta. Gepu ya plagi 0.8 mm, pointi (zile za ndani ya distributa) safi, gepu ya valvu injini ikiwa ya moto 0.20 mm za kuingiza na 0.30 mm za kutoa. Gari nyingi ninazoletewa kwa ugonjwa wa kabureta, pointi ndo zimekwisha.

Chomoa betri. Piga picha mipira ya vakyumu. Toa filta, fungua nati za chini, kabureta inatoka.

Sasa hapa tuelewane. Chini ya pampu ya eksileta kuna gololi ndogo ya chuma. Mara yangu ya kwanza niligeuza kabureta kichwa chini kwenye beseni nikaitikisa, gololi ikadondoka, nikamwaga petroli chafu nayo ikaenda bila mimi kujua. Gari ikawaka vizuri, sailensi safi kabisa, lakini ukikanyaga inashtuka inataka kuzima, wiki mbili nahangaika nabadili plagi, nyaya, mpaka distributa! Kwa hiyo fungulia kwenye sinia jeupe. Gololi zipo mbili, ya kuingiza mafuta na ya kutoa, kila moja iweke kwenye kizibo chake cha soda. Ukishafunga, injini ikiwa imezimwa vuta eksileta huku unachungulia mdomoni: petroli iruke uzi mmoja ulionyooka. Ikitiririka kivivu, rudi kwenye gololi.

Jeti (vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli) USITOBOE NA WAYA, ni laini, tundu linapanuka. Tumia kompresa, floti (boya la ndani) ikiwa pembeni. Jeti kuu mbili zina namba, yenye namba ndogo inakaa mdomo wa kwanza.

Kuseti: injini imezimwa, funga skrubu ya mchanganyiko mpaka iguse tu (ukiikaza ncha inaharibika), rudisha raundi mbili na nusu. Washa mpaka ipate moto, choki iwe wazi, kisha fungua skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo mpaka mlio uishie kupanda, kisha shusha sailensi kwa skrubu ya eksileta mpaka mizunguko 750 hivi kwa dakika. Rudia.

MASWALI

– Mkuu nimefuata yote bado moshi mweusi.
– Namba za jeti umeangalia?
– Sijaangalia.
– Basi hujafuata yote. Fungua tena.

– Kaka, DX ya baba Dar iko poa, tukifika Mbeya inanuka petroli na haina nguvu. Kabureta imekufa?
– Dada swali zuri sana. Haijafa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi lakini jeti inatoa petroli karibu ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Kwa safari ya siku mbili funga skrubu robo raundi, itasaidia sailensi tu. Kama baba anahamia huko, mdomo wa kwanza mwekee jeti ndogo hatua moja. Akirudi Dar arudishe ya zamani, la sivyo injini itachemka.

– Fundi anasema tuzibe mdomo wa pili isile mafuta.
– Mwambie aache. Ule unafunguka ukikanyaga sana tu, ukiuziba utapanda kila mlima na gia ya pili. Inua gari, zungusha tairi kwa mkono, huenda breki zinashika ndo maana inakula mafuta.

– Mimi nikihisi manifoldi (bomba linalobeba kabureta) inavuta hewa nanyunyiza maji kidogo kwenye gasketi, sailensi ikibadilika nimeipata.
– Safi sana mzee, na ni salama kuliko wanaopuliza petroli karibu na ekzosi ya moto. Angalia pia mpira wa buusta ya breki, nao unatoka kwenye manifoldi, kwenye DX yangu ufa ulikuwa upande wa chini, mpaka uukunje ndo unauona.